Kwa nini meli haisimami papo hapo: kutoka Rattler hadi Liemba

Ndugu zangu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, wengi wenu mmepeleka mizigo melini kwa mtumbwi. Liemba ilipofika kijiji kisicho na gati ilisimama mbali na ufuko, na mitumbwi ikaifuata na abiria, mahindi na dagaa, kila mwenye mzigo akitaka kuwahi. Hatari iko kwenye kuwahi huko, na historia ya propela (vitabuni huitwa rafadha) inaeleza sababu.

Zamani meli za mvuke zilisukumwa na magurudumu makubwa ya ubavuni. Mwaka 1845 jeshi la majini la Uingereza lilifunga kwa kamba meli mbili, tezi kwa tezi: Rattler ya propela na Alecto ya magurudumu, nguvu zao zikikaribiana. Alecto iliachwa ianze kuvuta. Rattler ilipoanza kazi iliisimamisha, kisha ikaiburuta kinyumenyume kwa karibu kilomita 5 kwa saa. Kusema kweli yalikuwa maonyesho zaidi kuliko majaribio, maana wakubwa walikwisha kuagiza meli za propela.

Lakini nguvu ya kuvuta si breki. Propela husukuma maji nyuma, nayo meli ikasogea mbele. Kwa uzito wake, kasi hupanda polepole, na kasi ikiongezeka mara mbili maji huizuia karibu mara nne. Injini ikizimwa, maji hayohayo ndiyo yanayoipunguza. Mwanzoni kasi hushuka upesi. Kadiri meli inavyopoa, maji nayo hulegeza mkono. Mwendo mdogo wa mwisho ndio unaokawia kuisha. Meli unayodhani imesimama bado inateleza.

Nahodha anaweza kuagiza propela izungushwe kinyume. Enzi za mvuke amri ilishuka kwa kengele hadi chumba cha mashine. Mafundi wakafunga mvuke, wakageuza mtambo, wakafungulia tena. Muda wote huo meli inakwenda. Tena kuna balaa la pili, ambalo Osborne Reynolds, profesa wa Manchester, alilichunguza miaka ya 1870. Usukani hutegemea sana maji yanayosukumwa na propela. Propela ikigeuzwa kinyume huku meli ingali inakwenda mbele, usukani hupoteza nguvu, na pengine meli huelekea upande usiotarajiwa. Kwa hiyo nahodha anayejitahidi kusimama ili asikugonge huenda wakati huohuo hawezi kukukwepa. Titanic ya mwaka 1912 ilikuwa na propela tatu. Ile ya kati, iliyokuwa mbele ya usukani, haikuweza kuzungushwa kinyume kabisa.

Liemba ni ya umri huohuo. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa kwa masanduku hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma. Iliingia majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha, mashine zikiwa zimepakwa grisi zisioze. Waingereza waliiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Miaka ya 1970 mvuke uliondolewa ikawekwa dizeli. Dizeli haihitaji kuchochewa moto kwanza, ila uzito wa meli na tabia ya maji havikubadilika.

Kwa hiyo mkipeleka mzigo, msikatize mbele ya meli inayokuja, wala msisogee tezi, hata ikionekana imetulia. Propela inaweza kuanza tena. Sogeeni katikati ya ubavu, na msubiri mabaharia wawaite. Tazameni povu pia. Likitoka tezi na kupanda ubavuni kuelekea mbele, propela inazunguka kinyume: meli inajaribu kusimama, haijasimama. Mabaharia husema povu hilo likifika katikati ya meli, ndipo iko karibu kutulia.