Mkono wa Saisi

Todonyang hakuna farasi. Ukishuka kutoka Lokitaung hadi ufuko wa Ziwa Turkana, karibu na mpaka wa Ethiopia na mahali mto Omo unapoingia ziwani, utakuta mbuzi, ngamia, na punda wa kijivu mwenye mstari mweusi begani. Farasi mmoja hutaka lita 30 za maji kwa siku, pengine zaidi, na majani ambayo mvua za huku haziahidi. Hata hivyo hapa ndipo ninapotaka kuanzia historia ya mbio za farasi za Kenya na ya wanaokwenda ng'ambo kuzisomea. Historia hiyo kwa kawaida huanzia Nairobi ya walowezi, kana kwamba kabla yao hakuna mkono uliojua mnyama wa kwato.

Lothagam, upande huu wa magharibi wa ziwa, wachimbaji wamefukua mabaki ya farasi wa kale wa vidole vitatu, walioishi hapa mamilioni ya miaka kabla ya binadamu. Koobi Fora, ng'ambo ya pili, imetoa mifupa ya jamaa za pundamilia. Na mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti wa vinasaba uliohitimisha kwamba punda wote wa dunia wana asili moja, na kwamba walifugwa kwanza Afrika Mashariki yapata miaka 7,000 iliyopita, wakati Sahara ilipokuwa ikikauka. Hiyo ni zaidi ya miaka elfu mbili kabla ya farasi wa leo kufugwa kwenye nyika za kaskazini ya bahari ya Caspian. Mturkana humwita punda esikiria. Mama anayemfungia mzigo asubuhi ili ahame kutoka malisho makavu anafanya kazi ya kale kuliko tandiko la farasi.

Farasi alifika kwetu kwa bahari, pamoja na jina lake la Kiarabu. Neno saisi, yaani mtunza farasi, nalo limetoka huko huko. Salme binti Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, ameeleza mapenzi ya baba yake, Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar, kwa farasi, na jinsi wanawe walivyofundishwa kupanda tangu wakiwa wadogo. Mwaka 1840 Sultani huyo alituma merikebu yake, Sultana, hadi New York ikiwa na zawadi kwa Rais wa Marekani, miongoni mwake farasi wawili wa Kiarabu. Farasi wawili hawavuki Atlantiki bila mtu wa kuwapa maji, kuwatuliza mawimbi yakichafuka na kuwasugua miguu iliyokaa wiki nyingi bila kutembea. Mimi humwona saisi huyo kuwa wa kwanza wa pwani yetu kupeleka ujuzi wake ng'ambo.

Hata farasi wa mbio wa Kiingereza, ambao leo hutawala viwanja vyote vikubwa, nasaba yao imetokana na safari za namna hiyo. Madume wote hurudi kwa mababu watatu waliopelekwa Uingereza kutoka nchi za Mashariki. Mmoja, Darley Arabian, alipelekwa huko kutoka Aleppo, Syria, mwaka 1704. Kitabu cha ukoo wao kilianza kuchapishwa mwaka 1791, na asiyeandikwa humo hahesabiwi.

Walowezi wakaja Kenya na farasi hao. Nairobi ilikuwa bado vibanda vya mabati na matope ya reli walipoanza kushindanisha farasi, na barabara iitwayo Race Course katikati ya jiji inakumbusha kiwanja cha zamani kilichokuwa upande wa Kariokor. Mwaka 1954 mbio zilihamia Barabara ya Ngong, kwenye kiwanja kinachotumika hadi leo.

Katika hadithi yote hiyo, mtu ninayemrudia ni Beryl Markham. Alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa Njoro akiwa mtoto mdogo, akakulia katika mazizi ya baba yake, Charles Clutterbuck. Baba alipofilisika na kwenda Peru, binti huyu, umri wake kama miaka 18, akapata leseni ya kufundisha farasi wa mbio. Dunia inamjua kwa kuvuka Atlantiki peke yake kwa ndege mwaka 1936, kutoka mashariki kwenda magharibi. Kwa maoni yangu, yaliyotokea Nairobi mwaka 1926 ni makubwa zaidi. Farasi jike aitwaye Wise Child, ambaye kano za miguu zilikuwa zimeharibika, alishinda mbio za St Leger chini ya mikono yake na ya arap Ruta, kijana wa Kikalenjin aliyekua naye Njoro.

Kano haiponi kwa kitabu peke yake. Nenda mazizi ya Ngong alfajiri umtazame saisi. Farasi akirudi mazoezini, saisi hutembea naye hadi jasho likauke, kisha huchuchumaa, akaweka kiganja nyuma ya mguu wa mbele chini ya goti, akakishusha polepole hadi karibu na kwato. Anatafuta joto. Mguu mmoja ukiwa na joto kidogo kuliko mwenzake, farasi hakimbii kesho, hata mwenye farasi akasirike. Mkono kama huo ulimfikisha Wise Child kwenye utepe, na Beryl amelitaja jina la Ruta katika kitabu chake cha mwaka 1942. Saisi wengi hawakupata bahati hiyo. Kwa miongo mingi leseni, kikombe na picha ya gazetini vilikwenda kwa wengine.

Ndiyo maana suala la kusoma nje lina uzito. Mafunzo ya ngazi ya juu yapo mbali. Newmarket, Uingereza, kuna shule ya wapanda farasi. Kildare, Ireland, kuna chuo cha vijana wa mbio na shamba la taifa la uzalishaji linalotoa kozi ya miezi kadhaa. Tangu 2003 kuna ufadhili wa Godolphin, ulioanzishwa na Sheikh Mohammed wa Dubai: vijana wachache kila mwaka huzungushwa miaka miwili Ireland, Uingereza, Marekani, Australia na Dubai, wakijifunza uzalishaji, mnada, tiba na biashara. Kwa Mkenya, Durban iko karibu zaidi, na mafunzo ya chuo chake cha wapanda farasi ni ya miaka mitano. S'manga Khumalo, mtoto wa KwaMashu, alipitia chuo hicho. Mwaka 2013 akawa mpanda farasi Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda Durban July, mbio kubwa kuliko zote za nchi hiyo.

Kijana wa Turkana, ambaye mara nyingi ni mrefu, huenda asitoshe kwenye mizani ya mpandaji. Lakini kazi za mbio si kupanda tu. Kuna daktari wa wanyama, fundi wa kwato, msimamizi wa uzazi, mnunuzi mwenye jicho. Mtoto aliyekua akimtambua mbuzi wake mmoja katikati ya mia tano, kwa rangi na mwendo, ana jicho ambalo wengine hulilipia karo.

Anayekwenda aende na karatasi halali, na awe mtu mzima. Kwa miaka mingi watoto wadogo kutoka Sudan, Mauritania, Pakistan na Bangladesh walipelekwa Ghuba kupanda ngamia wa mbio, wengine wakinyimwa chakula wasiongeze uzito. Mwaka 2005 Umoja wa Falme za Kiarabu ukapiga marufuku wapandaji walio chini ya miaka 18, roboti zikawekwa migongoni, na zaidi ya watoto elfu moja wakarudishwa makwao kwa msaada wa UNICEF. Kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, penye vijana wengi wanaosubiri mlango wowote ufunguke, habari hiyo inafaa kusimuliwa bila kufichwa.

Nyumbani nako tulikaribia kumpoteza mwalimu wetu wa kwanza, punda. Biashara ya ngozi za punda, zinazochemshwa China kutengeneza dawa, ilifungua vichinjio vinne Kenya, kimoja Turkana. Kati ya 2016 na 2018 walichinjwa zaidi ya punda 300,000. Serikali ilipiga marufuku mwaka 2020, mahakama ikaitengua mwaka uliofuata, na Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kusimamisha uchinjaji kwa ajili ya ngozi barani kote. Watu husema punda afe mzigo ufike. Todonyang, ambako Mei 2011 watu wengi waliuawa katika mapigano na Wamerile wa ng'ambo ya mpaka, punda akifa mzigo haufiki: ndiye hubeba maji, ngozi za kuezekea, na watoto familia inapokimbia.

Asubuhi niliyoondoka, mama mmoja alikuwa akimwandaa punda jike wake kwa safari ya Lowarengak. Kabla ya kuweka mzigo aliingiza kiganja chini ya ngozi ya kutandikia, akakipitisha polepole uti wa mgongo mzima, kisha mbavu, upande huu na huu. Mahali pamoja, nyuma ya bega, kiganja kilisimama. Aliitoa ngozi, akaikunja upya mara mbili, akaiweka nyuma zaidi.