Kutoka farasi 20 hadi 109,000: Safari ya injini ya dizeli

Ziba mdomo wa pampu ya baiskeli kwa kidole, kisha sukuma mpini kwa nguvu mara kumi. Gusa chini ya pampu: chuma kimepata moto. Hapakuwa na kiberiti wala cheche. Hewa imebanwa tu, na hewa ikibanwa hupata joto. Ukiibana kwa nguvu zaidi ya hapo, joto lake litafika kiwango cha kuunguza mafuta. Nyunyiza mafuta kidogo ndani yake na yatawaka yenyewe. Siri ya dizeli ni hiyo, kuanzia mashine ya kusaga mahindi kijijini hadi mtambo wa tani 2,300 unaosukuma meli ya makontena kuvuka bahari.

Aliyeifanyia kazi siri hiyo hakuanza kwa kutafuta nguvu. Alianza kwa kuchukizwa na hasara. Mwaka 1878, mjini Munich, Profesa Carl von Linde aliwaambia wanafunzi wake kwamba injini ya mvuke, iliyokuwa ikiendesha viwanda, meli na reli za dunia nzima, hugeuza kuwa kazi asilimia 6 hadi 10 tu ya joto la makaa. Linalobaki lote hupotea hewani na majini. Mwanafunzi mmoja aliliandika neno hilo pembeni mwa daftari lake na halikumtoka moyoni tena. Jina lake lilikuwa Rudolf Diesel.

Alizaliwa Paris mwaka 1858, wazazi wake wakiwa Wajerumani. Vita vya 1870 kati ya Ufaransa na Prussia vilipozuka, familia ilifukuzwa ikakimbilia London, naye akiwa na miaka 12 akapelekwa kulelewa na ndugu huko Augsburg. Miaka zaidi ya ishirini baadaye alirudi katika mji huohuo wa Augsburg akiwa na hataza mkononi, akamshawishi Heinrich von Buz, mkurugenzi wa kiwanda kikubwa cha mashine, ampe fundi, chuma na muda. Agosti 1893 mafuta yalipowaka kwa mara ya kwanza ndani ya silinda, kifaa cha kupimia shinikizo kilipasuka vipande vipande. Ilichukua zaidi ya miaka mitatu mingine ya kubomoa na kuunda upya. Tarehe 17 Februari 1897, Profesa Moritz Schröter aliipima mashine ile ya silinda moja, yenye kimo cha mita tatu hivi. Ilitoa nguvu ya farasi karibu 20, na ilitumia vizuri asilimia 26.2 ya joto la mafuta. Hakuna injini ya mvuke iliyokuwa imekaribia hapo.

Tangu siku hiyo, naiona historia yote ya injini hizi kama ugomvi mmoja mrefu na lile joto linalopotea. Ukubwa ulikuja kama matokeo.

Katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini mojawapo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Wazo lilitoka kwa serikali ya Ufaransa, iliyokuwa ikizifikiria koloni zake za Afrika, ambako karanga zilistawi na makaa ya mawe yaliagizwa kutoka nje. Injini iliyameza mafuta hayo bila kubadilishwa chochote. Jambo hilo lilisahaulika haraka kwa sababu mafuta ya ardhini yalikuwa rahisi, lakini msomaji alishike, maana tutalirudia.

Bahari ndiyo iliyoikuza dizeli. Ili kuelewa kwa nini, mtu akumbuke kazi ya mtia makaa. Kwenye chumba cha tanuri chini kabisa ya meli ya mvuke, wanaume walipiga koleo saa baada ya saa mbele ya moto, katika joto ambalo liliwaangusha wengi. Mabaharia waliochukuliwa Zanzibar na manowari za Waingereza katika karne ya 19 waliijua kazi hiyo. Wengi wao walipangiwa hukohuko tanurini. Februari 1912, meli ya Denmark iitwayo Selandia iliondoka Copenhagen kuelekea Bangkok bila mtia makaa hata mmoja. Kiwanda cha Burmeister & Wain kiliipa injini mbili za dizeli, kila moja silinda nane na nguvu ya farasi 1,250. Watu waliiona ikipita wakadhani ina hitilafu, kwani haikuwa na dohani: moshi wake ulipanda kwa bomba jembamba lililofungwa mlingotini. Ilipotia nanga London, Winston Churchill, aliyekuwa waziri wa jeshi la majini la Uingereza, alikwenda kuikagua mwenyewe. Ilifika Asia na kurudi salama.

Diesel mwenyewe hakufaidi sana. Afya yake ilikuwa mbovu na madeni yalikuwa yamemzidi. Usiku wa 29 Septemba 1913 alipanda meli ya Dresden kutoka Antwerp kwenda Uingereza. Asubuhi chumba chake kilikutwa kitupu, na mwili wake ulionekana baharini siku kadhaa baadaye. Alikuwa na miaka 55. Meli aliyopotelea ilikuwa ya mvuke.

Baada yake walikuja wengine kuuendeleza ugomvi. Mswisi Alfred Büchi aliona kwamba moshi unaotoka kwenye injini bado una joto na kasi, na ni hasara kuuachia tu. Mwaka 1905 alipata hataza ya kifaa ambacho mafundi wetu leo wanakiita turbo: moshi unazungusha panga upande mmoja, na panga hilo linaisukumia injini hewa zaidi upande wa pili. Miaka ya 1920 kifaa hicho kilipofungwa kwenye meli mbili za Ujerumani, injini iliyokuwa ikitoa nguvu ya farasi 1,750 ilitoa 2,500, kwa silinda zilezile.

Kisha Copenhagen ikajenga jitu. Mwaka 1932, kwenye kituo cha umeme cha H.C. Ørsted, Burmeister & Wain walisimika injini ya silinda nane yenye nguvu ya farasi 22,500. Uzito wake ulikuwa tani 1,400. Kwa miaka 30 hivi haikupatikana dizeli kubwa kuliko hiyo duniani.

Huku kwetu mvuke ulidumu zaidi. Meli ya MV Liemba, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ilifunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye makasha, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na kusafirishwa kwa reli hadi Kigoma. Mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliizamisha wenyewe katika Ziwa Tanganyika, lakini mafundi wao walizipaka injini grisi nene kwanza ili zisiharibike. Waingereza waliiinua mwaka 1924 na kuirudisha kazini 1927. Iliendelea kwa mvuke hadi miaka ya 1970, ndipo ikafungwa dizeli.

Kwa meli kubwa, hukumu ya mwisho ilitolewa na bei ya mafuta. Kabla tu ya mgogoro wa mafuta wa 1973, kampuni ya Sea-Land ya Marekani ilinunua meli nane za makontena zenye mitambo ya mvuke ya nguvu ya farasi 120,000, zilizokimbia noti 33. Hakuna meli ya mizigo iliyoziweza kwa mbio. Lakini zikikimbia hivyo zilikunywa zaidi ya tani 500 za mafuta kwa siku, na bei ilipopanda zikawa mzigo kwa mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ziliuzwa kwa jeshi la majini la Marekani. Queen Elizabeth 2, meli ya abiria ambayo wakazi wa Dubai leo wanaiona ikiwa hoteli Port Rashid, nayo ilitolewa mitambo yake ya mvuke mwaka 1986 na kufungwa injini tisa za dizeli.

Kilele kilifikiwa mwaka 2006 ndani ya Emma Mærsk. Injini yake, RT-flex96C ya Wärtsilä, ina silinda 14, urefu wa mita 27 hivi, kimo cha jengo la ghorofa nne, na kilowati 80,080, yaani nguvu ya farasi karibu 109,000. Namba hizo hazishikiki kichwani, kwa hiyo tuitazame silinda moja tu. Kipenyo chake ni sentimita 96. Wakati wa matengenezo fundi huingia humo mwili mzima na taa yake kukagua kuta. Pistoni husafiri mita 2.5 kutoka juu hadi chini. Na inakwenda taratibu: mizunguko 102 tu kwa dakika ikiwa na nguvu zake zote, wakati injini ya gari barabarani hupita 2,000. Mwendo huo wa taratibu ndio unaoyapa mafuta muda wa kuungua yote na rafadha nafasi ya kuyasukuma maji vizuri. Haina gia. Huwashwa kwa hewa iliyobanwa kwenye mitungi mikubwa, na meli ikitaka kurudi nyuma, injini husimamishwa kisha huwashwa upya ikizunguka kinyume. Mafuta yake ni yale mazito yanayobaki baada ya petroli na dizeli kuchujwa. Yakipoa huwa kama lami, hivyo hupashwa hadi zaidi ya nyuzi 100 kabla ya kufika kwenye nozeli. Zaidi ya nusu ya joto la mafuta hayo hugeuka kuwa kazi. Linde aliwapa wanafunzi wake namba ya asilimia 6 hadi 10.

Ndugu wa nchi kavu wa jitu hilo tunao. Kule Kipevu, Mombasa, kituo cha Kipevu III kilichoanza mwaka 2011 kina injini saba za Wärtsilä zinazotoa jumla ya megawati 120. Piga hesabu: kila moja ina nguvu ya farasi karibu 23,000, yaani imeizidi kidogo ile ya Copenhagen ya 1932, ilhali uzito wake haufiki robo ya uzito wa hiyo ya zamani. Mabwawa yakikauka, injini hizo ndizo huitwa kazini, na Mkenya huuona mchango wake kwenye gharama ya mafuta iliyoandikwa katika bili yake. Ni umeme ghali. Lakini aliyewahi kukaa mji usio na gridi anajua thamani yake: Kigoma iliwashwa kwa majenereta ya mafuta hadi Oktoba 2022, ilipounganishwa na Gridi ya Taifa.

Uchafu wa moshi wake siwezi kuufumbia macho. Kwa miongo mingi mafuta mazito yalimwaga salfa juu ya miji ya bandari, na sheria ya dunia ilikaza kweli mwaka 2020 tu, kiwango kiliposhushwa kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Hewa ukaa bado inabaki. Hapo ndipo karanga za Paris zinaporudi, kwani injini inayowasha kwa joto la hewa haichagui sana chakula. Septemba 2023, Laura Mærsk, meli ya kwanza ya makontena inayoweza kutumia methanoli, ilipewa jina lake Copenhagen, mji uleule ulioizaa Selandia.

Injini ya 1932 nayo ipo mjini humo. Wadenmark hawakuiuza kama chuma chakavu. Waliijengea makumbusho, na huwashwa mbele ya wageni, watoto wakiisikia sakafu ikitetemeka. Sisi tumeshaonyesha kwamba tunaweza: Makumbusho ya Reli ya Nairobi yametunza vichwa vya treni vya mvuke. Dizeli zilizowasha Kigoma, na zile za Kipevu siku yake ikifika, zinastahili heshima hiyohiyo. Wenye mamlaka wabakize injini moja mahali pake, pamoja na daftari la zamu na sauti za mafundi walioihudumia wakiwa bado hai kusimulia, kabla wanunuzi wa vyuma hawajafika na mizani zao.