Kutoka Karanga hadi Kinywe: Ardhi Yetu na Daftari Lake

Ndugu wana-Nachingwea na wana-Ruangwa,

Kila mwaka tunachangia madarasa na visima. Mwaka huu tunaanza na ardhi, maana ndiyo mtaji wetu wa kwanza.

Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha Mradi wa Karanga ili kupata mafuta ya kula baada ya vita. Ilipangwa kulima ekari 3,210,000, na Nachingwea ikawa kituo kimojawapo, pamoja na Kongwa na Urambo. Wazee wetu hawakuwa na kauli: Sheria ya Ardhi ya 1923 iliweka karibu ardhi yote ya Tanganyika chini ya Gavana. Misitu ikafyekwa kwa matrekta, reli ikafika Nachingwea. Januari 1951 mradi ukafutwa. Hazina ya Uingereza iliandika hasara ya pauni milioni 36. Aliyepoteza shamba au msitu alikorina asali hakuwa na daftari la kuandika yake.

Leo sheria ni nyingine. Mwaka 1994, katika shauri la Lohay Akonaay lililotokana na Operesheni Vijiji mkoani Arusha, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba ardhi inayomilikiwa kimila ni mali inayolindwa na Katiba. Sheria za Ardhi za 1999 zinataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Si ya mazao na nyumba tu, bali pia ya ardhi yenyewe, usumbufu, usafiri na faida inayopotea. Ikichelewa, kuna riba.

Jambo hili linatuhusu sasa. Kinywe kinachimbwa Matambalale, Ruangwa, na nikeli imetafutwa Ntaka, Nachingwea. Hatupingi migodi, vijana wetu wanahitaji kazi. Lakini mthamini huandika anachokiona na kinachothibitishwa. Mikorosho isiyohesabiwa na mpaka usiopimwa huzaa ugomvi wa ndugu siku ya malipo.

Kwa hiyo michango ya mwaka huu itasaidia vijiji kupima mashamba na familia kupata hati za hakimiliki ya kimila, jina la mke likiwa pamoja na la mume. Nanyi mlioko mijini, mkirudi likizo hesabuni mikorosho ya wazee, muiandike, na msisaini fomu ya uthamini kabla ya kuisoma na kubaki na nakala.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Karibuni tuchangie.