Wazee Waliofuata Mazungumzo

Msomaji, pengine umepata kumwona mzee aendaye dukani kila asubuhi kununua kitu kidogo, akakaa saa nzima, kisha akarudi kwake amechangamka. Ukidhani alifuata sukari, umekosea, alifuata mazungumzo. Jambo dogo kama hilo ndilo lililozaa kituo kinachohesabiwa kuwa cha kwanza cha wazee katika miji ya Marekani. Habari zake zafaa kusomwa, kwa kuwa zaonyesha kwamba kumlisha mzee si sawa na kumtunza.

Katika karne ya 19, mzee maskini wa New York asiye na jamaa mara nyingi hakuwa na pa kukimbilia ila nyumba ya maskini. Nyumba hiyo ilijengwa kisiwani, katikati ya mto uitwao East River, na katika kisiwa hicho hicho palikuwapo gereza na hospitali ya wenye wazimu. Mzee aliyepelekwa huko alipata chakula na mahali pa kulala. Walakini alitengwa na mji aliouzoea, na kuhesabiwa pamoja na wale ambao watu hawakutaka kuwaona. Je, wastaajabu kwamba wazee waliiogopa nyumba ile?

Mwaka wa 1929 biashara ilianguka, na wazee wengi wakapoteza akiba zao. Ndipo tarehe 14 Agosti 1935 Rais Franklin Roosevelt alipotia sahihi sheria ya hifadhi ya jamii. Kwa sheria hiyo wafanya kazi wengi walianza kuchanga kwa ajili ya uzee wao, na serikali ikasaidia kuwalipa wazee waliokuwa fukara. Tarehe 31 Januari 1940, Ida May Fuller wa jimbo la Vermont alipewa hundi ya kwanza ya kila mwezi, dola 22 na senti 54. Sasa mzee aliweza kulipa kodi ya chumba chake mwenyewe asiende nyumba ya maskini. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, wala haifai kuidharau.

Lakini fedha haikuponya kila jeraha. Maofisa wa idara ya ustawi katika mji wa New York waliona jambo ambalo hawakulitazamia. Wazee waliokuwa wakipata msaada walifika ofisini mara kwa mara, na hata walipokwisha kujibiwa hawakuondoka. Walitaka kukaa na kuzungumza. Wenzao wengine walikuwa wamekufa, watoto wamehama, na kazi iliyowakutanisha na watu imekwisha. Mji ule ulikuwa na watu zaidi ya milioni 7. Lakini hata katikati ya umati mkubwa namna hiyo mtu aweza kukaa siku nyingi asisikie jina lake likitajwa.

Maofisa wale wangaliweza kuwafukuza wazee kwa kuwa walijaza ofisi. Badala yake walijiuliza sababu ya kuja kwao. Basi mwaka wa 1943, katika mtaa wa Bronx, kilifunguliwa kituo ambacho wazee waliweza kukutana mchana, kucheza, kunywa na kuongea. Kiliitwa kwa jina la William Hodson, mkuu wa idara hiyo, aliyekufa Januari mwaka ule ule ndege yake ilipoanguka Surinam, naye yu safarini kwenda Afrika ya Kaskazini kwa kazi ya kuwasaidia walioumizwa na vita.

Mfano huo ulifuatwa. San Francisco ilifungua kituo chake mwaka wa 1947, na Menlo Park mwaka wa 1949. Tarehe 14 Julai 1965 Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria ya kuwahudumia wazee wa nchi nzima, na mwaka wa 1972 ukaongezwa mpango wa chakula cha wazee. Angalia vema jinsi mpango huo ulivyotungwa: chakula kililiwa pamoja, mezani, katika vituo na kumbi. Waliotunga sheria walikuwa wamejifunza kwamba mlo bila mwenzi ni nusu ya mlo.

Sisi nasi twalihitaji fundisho hili. Kifungu cha 57 cha Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 chataka wazee waishi kwa heshima, watunzwe na jamaa zao na serikali, tena washiriki kikamilifu katika mambo ya jamii. Mwaka wa 2018 mpango wa Inua Jamii ulianza kuwalipa wazee wenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Fedha hiyo yanunua unga, lakini haiwezi kubisha hodi wala kuuliza habari za jana.

Wahenga walisema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Basi tusiwaache wazee mahali pasipo na watu, hata maneno yao yakakosa wa kuyasikia. Nawe, kijana, ukimjua mzee akaaye peke yake katika mtaa wenu, usingoje kujengwa kwa kituo. Pita kwake leo, umwamkie, ukae kitako.