Mechi za Upande Mmoja: Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Kampala na Watazamaji Wake

Ligi ya taifa ya mpira wa kikapu ya Uganda huchezwa kwa sehemu kubwa Kampala na viunga vyake, na kwa miaka mingi imekuwa ligi ya timu chache zenye nguvu zikifukuzwa na nyingi zisizozifikia. Anayeifuata tangu mwanzo wa msimu huzoea mapema kuona mechi ikiamuliwa kabla ya robo ya nne. Mechi hizo za upande mmoja zina historia yake, na haielezeki kwa kusema tu kwamba wengine walikuwa wabovu.

Shirikisho la mchezo huo, FUBA, liliundwa 1963, mwaka mmoja baada ya uhuru, na mwaka huohuo Uganda ikawa mwanachama wa shirikisho la kimataifa, FIBA. Walioukuza mchezo hasa ni shule na vyuo, na hadi leo vyuo vikuu vina timu zake ligini: UCU Canons ya Mukono, KIU Titans, Ndejje na nyinginezo. Viwanja viwili vimebeba sehemu kubwa ya kumbukumbu za mashabiki. Kimoja ni cha YMCA Wandegeya, kilicho wazi juu. Cha pili ni ukumbi wa ndani wa Lugogo, uliojulikana kwa miaka mingi kama MTN Arena.

Mechi za upande mmoja haziko Kampala peke yake: Wamarekani nao wana ligi zao za kiangazi. Mashindano ya Holcombe Rucker yalianza Harlem 1950, na ligi ya kiangazi ya NBA ikaanza Las Vegas 2004. Katika ligi hiyo ya NBA matokeo huelemea upande mmoja kwa urahisi kwa sababu makocha wanawajaribu vijana, wala taji la NBA lenyewe haliwaniwi. Kampala iko karibu kabisa na ikweta na haina kiangazi cha namna hiyo. Ina misimu miwili ya mvua, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Septemba hadi Novemba, na kwenye uwanja wa wazi manyunyu tu yanatosha kuahirisha mechi, kwa kuwa sakafu iliyolowa huvunja magoti. Lakini tofauti kubwa zaidi ni kwamba mechi za Kampala ni za ligi yenyewe. Anayepigwa kwa pengo la pointi 40 amepigwa kwa hesabu kamili ya msimamo.

Pengo lilipanuka zaidi City Oilers walipopanda daraja. Walichukua ubingwa wa 2013 katika msimu wao wa kwanza wa ligi kuu, kisha hawakuuachia hadi 2019: mataji saba mfululizo, mengi yakiwa chini ya kocha Mandy Juruni. Siri yao haikuwa ya ajabu. Walikuwa na mfadhili, na kwa sababu hiyo waliweza kukusanya chini ya paa moja wachezaji ambao hapo awali wangetawanyika katika timu nne au tano. Jimmy Enabu na Stephen Omony ni majina ambayo kila shabiki wa enzi hiyo anayajua. Katika nchi ambako wachezaji warefu walioiva ni wachache, kila aliyehamia kwa bingwa aliiongezea nguvu timu moja na kuipunguzia nyingine, hivyo pengo likakua mara mbili kwa uhamisho mmoja.

Kanuni nazo zilichangia. Mwaka 2000 FIBA iligawa mchezo katika robo nne za dakika 10 na kupunguza muda wa kushambulia kutoka sekunde 30 hadi 24. Katika soka timu inayoongoza yaweza kuuweka mpira miguuni na kuutembeza mpaka kipyenga. Katika kikapu haiwezi: sekunde 24 zikiisha bila mpira kugusa ringi, mpira unakwenda kwa wapinzani. Timu bora inalazimika kuendelea kutupa, na kwa kuwa inatupa vizuri, inaendelea kufunga. Huruma pekee inayoruhusiwa iko kwenye benchi.

Na hapo ndipo utazamaji wa Kampala ulipopata utamu wake. Kocha akishawapumzisha watano wa kwanza, uwanja hujaa vijana ambao kwa miezi miwili wamekuwa wakiwapa wenzao taulo. Shabiki mwenye jicho husahau ubao wa matokeo na kuanza kumtazama mmoja mmoja: nani anarudi kukaba baada ya kupoteza mpira, nani anadai mpira na nani anaukwepa. Upande wa wanaopigwa nako kuna mengi ya kuona. Kijana anayemkaba nyota wa taifa huku timu yake ikiwa nyuma kwa pointi 35 anajifunza jambo ambalo hakuna mazoezi ya Jumanne yanayoweza kumfundisha, na makofi anayopewa kwa kapu moja zuri hutoka pande zote mbili za jukwaa. Mechi hizi zinastahili kuthaminiwa zaidi ya zinavyothaminiwa, maana wachezaji wengi wa ligi walianzia katika dakika hizo zisizohesabiwa na mtu.

Mabingwa wenyewe walikuja kuonja upande wa pili. Baada ya kufuzu Johannesburg mwishoni mwa 2022, City Oilers wakawa timu ya kwanza ya Uganda kucheza Ligi ya Mpira wa Kikapu Afrika, BAL, msimu wa 2023. Kundi lao la Cairo lilikuwa na Petro de Luanda ya Angola na Al Ahly ya Misri, ambao ndio walioibuka mabingwa mwaka huo. Waganda hawakuvuka hatua hiyo. Mashabiki waliozoea kuhesabu pengo wakiwa upande wa washindi safari hii walilihesabu kutoka chini.

Nyumbani, ligi iliporudi baada ya kusimamishwa na Uviko, washindani walikuwa wamejipanga upya. Namuwongo Blazers walianza nao kukusanya wachezaji wenye uzoefu na kuwa wapinzani wakubwa wa Oilers, na mechi kati ya wawili hao zikawa ngumu kutabiriwa. Chini yao, kwa timu zinazoishi kwa michango ya wanachama, mapengo ya pointi 30 na 40 yaliendelea kuonekana ubaoni.