Nani Alipiga Besi?

Swali hili niliulizwa Homa Bay, nikakosa jibu.

Nilikuwa nimepanda matatu ya asubuhi kutoka Migori, nikapitia Awendo na Rongo, gitaa la besi la kuazima likiwa magotini. Nilienda kumwona mzee mmoja aliyepigia bendi za benga miaka ya 1970. Mimi nilijifunza kwa video za intaneti baada ya kuacha chuo: reggae, gospeli, rumba kidogo. Nilidhani nimeiva. Nikampigia, akasikiliza hadi mwisho.

"Nyathina, unapiga vizuri. Lakini unatembea tu. Benga haitembei."

Kisha akatoa santuri moja, akaifuta vumbi kwa shati, akanipa. Jina la bendi lilikuwepo. La mtunzi pia, na la lebo.

"Haya, nani alipiga besi hapa?"

Nikageuza upande wa pili. Hakuna. Kumbe ni yeye.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiitafuta historia ya benga kwa njia nyingine. Si kupitia waimbaji, maana hao wameandikwa. Naitafuta kwa mikono.

Mkono wa kwanza ni wa nyatiti. Ina nyuzi nane, na mpigaji huketi chini karibu nayo, mikono yote miwili ikidonoa. Kwenye kidole gumba cha mguu huvaa pete ya chuma na kugongea mapigo kwenye ubao wa chombo. Zamani nyuzi zilikuwa za kano za ng'ombe, siku hizi ni uzi wa nailoni, ule ule wa kuvulia samaki. Yaani mtu mmoja anaimba, anapiga sauti za juu na za chini, na bado mguu unashika ngoma. Huyo ni bendi nzima.

Mkono wa pili ni wa gitaa kavu. Vita vya Pili vya Dunia vilipoisha mwaka wa 1945, baadhi ya wanajeshi walirudi nyumbani na magitaa. Halafu zikaja santuri za Congo. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda kule Jadotville, ambako sasa ni Likasi, na upigaji wake ukaenea hadi kwetu. Kidole gumba kilishika besi, kidole cha shahada kikacheza wimbo. Upande wa Waluhya, George Mukabi, aliyefariki mwaka wa 1963, aliupa ufundi huo sura ya nyumbani kwa mtindo wa omutibo, huku chupa ya soda ikigongwa kando. Ukijaribu omutibo utajua uchungu wake. Gumba linataka kufuata kidole cha pili, na kazi yako ni kulikataza. Mimi lilinichukua miezi miwili kulikataza, na hata sasa hunitoroka.

Sasa hapa ndipo hoja yangu ilipo. Magitaa ya umeme yalipofika na bendi zikaundwa, ule mkono mmoja uligawanywa. Kidole cha shahada kikawa mpiga solo. Katikati akaingia wa ridhimu. Na gumba likawa binadamu mzima, mtu wa besi.

Ndiyo maana besi ya benga haitembei. Kwenye rumba niliyojifunza, besi hubeba wengine kwa utulivu, na kodi (za gitaa, siyo za serikali) zinabadilika juu yake. Kwenye reggae besi ni nzito, na ukimya wake ni sehemu ya pigo. Kwenye benga besi hujibu. Mwimbaji anatamka mstari, solo linaufuata karibu silabi kwa silabi, halafu besi inaruka kwenye nafasi iliyobaki, inasema neno lake fupi, inakatika. Mzee alinifundisha kukata: kiganja kinagusa uzi mara tu noti inapotoka. "Usiiache ilie kama mtoto," alisema.

Santuri zenyewe zilisaidia. Nyingi zilikuwa za mizunguko 45 kwa dakika, wimbo mmoja ukigawanywa sehemu mbili. Upande wa kwanza watu wanaimba, wa pili unawaachia magitaa uwanja. Hapo ndipo mtu wa besi alipojulikana, ingawa si kwa jina.

Tazama majina yaliyosafiri. D.O. Misiani alizaliwa karibu na Shirati, ng'ambo ya mpaka kule Tanzania, akavuka kuja Kenya na kulifanya jina la Shirati Jazz kuwa kubwa hadi alipofariki katika ajali ya barabarani Kisumu mwaka wa 2006. P.O. Oluoch Kanindo alizisambaza santuri za benga mbali sana. Kule Zimbabwe ya leo watu waliuita mtindo wenyewe kanindo, na Sungura, moja ya lebo zake, ikawa jina la muziki wao. Mfanyabiashara akawa jina la mtindo. Jina la mpiga besi halikufika hata Rongo.

Na bado mikono hiyo ndiyo inayobaki. Prince Jully wa Migori alipofariki mwaka wa 1997, mkewe, Princess Jully, alishika maikrofoni na Jolly Boys ikaendelea. Akatamba na "Dunia Mbaya", wimbo wa kuonya kuhusu UKIMWI. Sauti ilibadilika, lakini bila magitaa hapangekuwa na bendi ya kurithi.

Leo matangani utakuta "one man guitar": mtu mmoja, gitaa moja, kinanda kikitoa ngoma na besi. Silaumu. Familia yenye msiba haina hela za kulipa watu sita. Lakini besi ya kinanda haimsikilizi mwimbaji. Akichelewa kidogo kwa sababu ya machozi, yenyewe inaendelea.

Nilipokuwa naondoka, nilimwomba Jaduong' niandike jina lake, angalau hapa.

"Ukiniandika mimi peke yangu utakuwa umefanya kama wao," akasema. "Aliyepiga ridhimu je?"

Akaanza kuwataja, nami nikaandika. Majina tisa. Wawili walimpotea kabisa, akanyamaza kwa muda akijaribu kuwakumbuka kwa vidole, akidonoa hewa. Daftari ninalo. Wengi wamefariki, na natafuta familia zao, Migori hadi Mbita, niwaombe ruhusa kabla ya kuchapisha. Kama nyumbani kwenu kuna santuri ya zamani, usiishie kusoma karatasi ya katikati. Muulize babu nani alipiga besi.