Datsun 240Z: Gari la Safari lililookolewa na mafundi wa nyumbani

Historia ya magari huandikwa kwa majina ya viwanda na madereva. Kiwanda kilitengeneza, dereva akaendesha, kombe likachukuliwa, picha ikapigwa, basi. Lakini lipo kundi la tatu ambalo halitajwi kabisa. Ni watu waliolala chali kwenye sakafu ya saruji, Jumamosi baada ya Jumamosi, wakikwangua kutu iliyowadondokea machoni. Leo nawaandikia hao, maana bila wao gari ninalotaka kulizungumzia lingebaki kwenye picha tu.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z. Vijana wenzangu wa mjini wengi hawalijui. Wanaijua Nissan, na jina la Datsun wamelisikia kwa wazazi wao. Lakini muulize mzee yeyote aliyewahi kusimama kando ya barabara ya vumbi siku za Pasaka kusubiri magari ya Safari yapite. Utaona uso unavyobadilika.

Tuanze huko basi. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakiwa sehemu ya sherehe za kutawazwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika barabara hizihizi za kawaida, pamoja na ng'ombe wake, mashimo yake na tope lake la masika. Nissan waliingia kwa mara ya kwanza mwaka 1963. Mwaka huo yalianza magari zaidi ya themanini, yakamaliza saba tu. Wajapani hawakukata tamaa. Walirudi mwaka baada ya mwaka, wakavunjika, wakarekebisha, wakarudi tena. Kwao Safari ilikuwa maabara: chuma kinachohimili barabara zetu kitahimili barabara yoyote duniani.

Mwaka 1970 wakashinda kwa saluni ya Datsun 1600 SSS, dereva akiwa Edgar Herrmann na msomaji ramani wake Hans Schüller. Mwaka 1971 wawili haohao wakashinda tena, safari hii kwa 240Z. Wa pili alikuwa Shekhar Mehta, naye ndani ya 240Z. Mehta alizaliwa Uganda, na baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, maisha yake yakahamia Kenya. Mwaka 1973 akaichukua Safari yeye mwenyewe kwa 240Z, akiwa na Lofty Drews. Alifungana pointi na Msweden Harry Källström, ikabidi kanuni ya kutenganisha waliofungana ndiyo iamue. Mehta angeshinda tena mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, lakini hayo yalikuwa kwa gari jingine.

Kwa hiyo sifa ya 240Z ya kuwa gari gumu haikutungwa na watu wa matangazo. Ilipatikana hapa kwetu, kwenye vumbi letu. Likumbuke hilo, nitalirudia.

Sasa tuvuke bahari. 240Z ilitoka mwaka 1969, na soko lake kubwa lilikuwa Marekani. Aliyekuwa akiongoza biashara ya Nissan huko alikuwa Yutaka Katayama, mtu aliyependa magari kuliko makaratasi ya ofisini. Kule Japani gari hili liliitwa Fairlady Z. Katayama akaona hakuna mwanamume wa Kimarekani atakayenunua gari la spoti lenye jina la bibi mrembo. Nembo hiyo ikaondolewa, ikawekwa 240Z, jina lililotokana na lugha ya wahandisi wenyewe.

Bei ilikuwa dola 3,526. Kwa fedha hizo mtu alipata injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ya ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, yenye nguvu za farasi 151, pamoja na springi zinazojitegemea kila gurudumu. Magari ya Ulaya yenye sifa kama hizo yaliuzwa kwa bei iliyowashinda watu wa kawaida. Ndiyo maana walionunua 240Z walikuwa walimu, wauguzi, makarani, vijana waliotoka jeshini. Hadi uzalishaji wa umbo lile ulipokoma mwaka 1978, ukijumlisha na ndugu zake 260Z na 280Z, yalikuwa yametengenezwa zaidi ya laki tano.

Halafu ikaja kutu.

Hapa ndipo penye kisa chenyewe. Gari lililoshinda mawe ya Afrika Mashariki lilishindwa na chumvi. Katika majimbo ya baridi ya Marekani, barabara humwagiwa chumvi wakati wa majira ya theluji ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo huruka chini ya gari na kujibanza kila penye kona. Bati la 240Z lilikuwa jembamba, na kinga yake dhidi ya kutu ilikuwa hafifu. Maji yakatuama chini ya mazulia, sakafu zikatoboka. Tindikali ya betri ikadondoka kwenye kitako chake, ikala kitako, ikateremka na kula reli ya fremu iliyo chini. Vizingiti vya milango vikaoza kwa ndani huku nje rangi ikiwa bado inang'aa. Ukibonyeza kwa bisibisi, bisibisi inazama.

Gari lilikuwa la bei nafuu, na kitu cha bei nafuu hakina mtetezi. Likichakaa linauzwa kwa bei ya kutupa, kisha linakwenda kupondwa kuwa chuma chakavu. Nissan wenyewe walikuwa na magari mapya ya kuuza. Wakati huo nani angelalamika?

Waliolalamika ni watu wachache wenye gereji nyumbani. Nyumba nyingi za Wamarekani wa kipato cha kati zimejengwa na chumba cha gari pembeni, chenye umeme na mlango mpana. Katika vyumba hivyo, kati ya baiskeli za watoto na mashine ya kufulia, ndiko 240Z zilikoanza kufufuliwa. Vitabu vya mwongozo vilisaidia. Mwingereza John Haynes alikuwa ameshajenga biashara nzima juu ya wazo moja rahisi: fungua gari lote, liunge upya, piga picha kila hatua, kisha mwonyeshe mtu wa kawaida kwamba naye anaweza. Kwa gari hili mahsusi, Wick Humble aliandika kitabu kizima cha kulifufua. Vilabu vya wamiliki vikaanzishwa, watu wakabadilishana spea na ujuzi.

Kazi yenyewe ikoje? Nimesoma simulizi nyingi za watu hawa, na karibu zote zinafanana. Siku za mwanzo ni za raha: kufungua. Viti nje, dashibodi nje, injini inaning'inia kwenye winchi. Hapa ndipo wengi hujichimbia shimo, kwa sababu kufungua hakuhitaji akili nyingi, kukumbuka ndiko kunakohitaji. Mwenye busara ana mifuko midogo, kalamu ya wino usiofutika na daftari. Kila boliti na nati inaandikwa ilikotoka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wanazungumzia biashara, lakini msemo huo ungefaa kuandikwa kwenye ukuta wa kila gereji.

Kisha rangi inakwanguliwa hadi bati litokee, na ukweli unajulikana. Palipoonekana doa dogo panapatikana tundu la kuingiza ngumi. Hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kujaza fila, kupiga msasa, kupuliza rangi na kuuza haraka kabla mnunuzi hajashtuka. Ya pili ni kukata bati lote lililooza mpaka ufike kwenye chuma kizima, kuchora kipande kwenye karatasi ngumu, kukikata kwenye bati jipya, kukikunja, kukijaribisha, kukipunguza, kukijaribisha tena, ndipo ukichomelee kidogokidogo ili joto lisipindishe bodi. Kipande kimoja cha ukubwa wa sahani kinaweza kula siku nzima. Na gari zima lina vipande vingapi vya namna hiyo?

Injini ndiyo sehemu yenye huruma. Ni imara, chuma kizito kisicho na mambo mengi, na ni ndugu wa damu wa injini ya silinda nne ya ile Datsun 1600 SSS iliyoshinda Safari ya 1970. Familia hiyo iliwekwa pia kwenye baadhi ya pikapu za Datsun. Fundi aliyezoea pikapu hizo akifungua boneti ya 240Z hatakuwa mgeni.

Baada ya miaka ya kazi hii, kampuni nayo ikazinduka. Mwaka 1996 Nissan waliacha kuuza 300ZX nchini Marekani, na wakawa hawana gari la jina la Z. Ili jina lisife, wakaja na mpango walioujenga juu ya 240Z za zamani: wanazinunua, wanazipeleka kwa mafundi waliobobea, zinafufuliwa kikamilifu, zinauzwa tena na mawakala wa Nissan kwa dola 25,000 hivi. Wazo zuri kabisa. Walipanga kufufua magari 200. Yakakamilika chini ya 40, mpango ukafungwa.

Kwa nini? Jibu ni hesabu. Kila saa ya fundi ina bei, na gari lililoliwa na kutu linataka mamia ya saa. Ukijumlisha mishahara, spea, rangi na usafiri, gharama inaipita bei ya kuuzia. Kampuni kubwa, yenye michoro yote na maghala yote, ikashindwa kufanya kile ambacho mwalimu wa shule alikuwa akikifanya nyumbani kwake. Mwalimu hakuwa fundi bora kuliko wao. Tofauti ni kwamba yeye hakuhesabu saa zake.

Hilo ndilo ninalotaka tulitafakari. Kuna vitu ambavyo soko haliwezi kuviokoa kwa sababu soko hudai kulipwa kwa kila saa. Vitu hivyo huokolewa na watu wanaotoa saa zao bure, na soko huja baadaye kushangilia. Januari 2020, 240Z moja ya mwaka 1970 iliyokuwa imetembea maili 21,000 hivi iliuzwa mnadani kwa dola 310,000. Naam, laki tatu na elfu kumi, kwa gari lililouzwa dukani kwa elfu tatu na ushee! Thamani hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Imejengwa na wale waliokataa lisiishe kupondwa wakati lilikuwa halina bei.

Hata lile gari lenyewe lililoshinda Safari ya 1971, ambalo leo limo kwenye hazina ya magari ya kale ya Nissan huko Zama, Japani, halikufufuliwa kwa utaratibu wa kawaida wa kiwandani. Lilifufuliwa mwaka 2013 na wafanyakazi wa Nissan wanaojitolea, kupitia klabu yao ya kurudisha uhai magari ya zamani. Wahandisi wa mchana wakageuka kuwa watu wa gereji ya nyumbani.

Sasa turudi kwetu, kama nilivyoahidi. Vumbi lililompa 240Z jina ni letu. Ushahidi wa ushindi huo uko Japani, na magari mengi ya aina yake yaliyo hai yako Marekani. Sisi tumebaki na nini? Tumebaki na kumbukumbu za wazee, na wazee wanatuaga mmoja mmoja. Datsun 120Y na pikapu zilizojaa barabarani enzi hizo tumezitumia mpaka zikaisha, kisha tukazikata vipande tukauza kwa kilo.

Sisemi kwamba tulikosea kuzitumia. Gari kwetu ni kazi, ada ya shule, mkate wa watoto, na si kila mtu ana chumba cha kumhifadhi mzee wa chuma asiyeingiza chochote. Ila tusijidanganye kwamba tunakosa ujuzi. Fundi wa Gerezani anayekunja bati kwa nyundo na kipande cha reli, akachonga bushi kutoka kwenye tairi kuukuu, anajua kazi hii kuliko wengi wanaojifunza vitabuni. Kila siku anafufua magari yaliyokwisha kukatiwa tamaa. Anachokosa ni mtu wa kumwambia kwamba gari fulani lisirudishwe barabarani tu, bali litunzwe, kwa sababu lina habari yetu ndani yake.

Safari yenyewe imerudi kwenye mashindano ya ubingwa wa dunia tangu mwaka 2021, baada ya kuwa nje tangu 2002, ingawa sasa inakimbiwa Kenya peke yake. Vijana wanajazana Naivasha kupiga picha za magari mapya. Wangapi kati yao wanajua kwamba zamani mashindano haya yalifika mpaka Uganda na Tanzania?

Kwa hiyo nina ombi moja. Kama nyuma ya nyumba ya babu yako kuna Datsun iliyokaa juu ya matofali, kuku wanatagia ndani yake, usimwite mnunuzi wa chuma chakavu kwanza. Inua zulia uitazame sakafu. Bonyeza vizingiti kwa bisibisi. Kisha kaa na babu umuulize gari hilo lilifika wapi, maana hiyo ndiyo sehemu ambayo ikioza, hakuna bati la kuichomelea.